Geji ya pikipiki na lita ya chupa: Nani humpimia mafuta dereva wa Zagayu?

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa nchi nzima. Utaratibu huo, ulioanza mwaka 2009, hutaja bei mji kwa mji, kuanzia kwenye bandari yanakoshushiwa mafuta hadi makao makuu ya wilaya zilizo mbali na bahari, kama vile Lagangabilili katika Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Mwananchi anaweza kujua, hadi shilingi ya mwisho, kiwango ambacho muuzaji hapaswi kukivuka kwa lita moja.

Hata hivyo, bei ya lita ina maana pale tu lita yenyewe inapokuwa lita kamili. Katika kata za vijijini kama Zagayu, wilayani humo humo Itilima, dereva wa bodaboda anayenunua petroli barabarani huwa na mashahidi wawili tu wa kumweleza amepata kiasi gani: chupa iliyomiminiwa mafuta hayo, na mshale wa geji ulio mbele ya macho yake. Anapoona mshale haukupanda, humshuku muuzaji. Muuzaji naye huapa kwamba chupa ilikuwa imejaa na kwamba geji ndiyo mbovu. Ugomvi wa aina hiyo hauwezi kuamuliwa, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya mashahidi hao ambaye ni kipimo.

Suala hilo linaweza kuonekana dogo kwa msomaji wa mjini, ambaye kituo cha mafuta kipo kila baada ya mitaa michache. Kwa mkazi wa Zagayu si dogo. Kata hiyo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi, katika Mkoa wa Shinyanga, hadi mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Simiyu na Wilaya ya Itilima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497 katika mkoa huo, wengi wao wakiwa wakulima na wafugaji wanaoishi mbali na barabara za lami zinazoiunganisha Bariadi na Lamadi kwa upande mmoja na Maswa kwa upande mwingine. Katika barabara za vumbi, ambazo masika huzigeuza kuwa utelezi wa udongo mweusi wa mbuga, pikipiki ndiyo teksi, ndiyo gari la mizigo, na mara nyingi ndiyo gari la wagonjwa.

Mpango wa M-Mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, umewapa wajawazito na watoto wachanga namba ya bure ya 115 ya kuitia usafiri wa dharura kwa magari ya wagonjwa na madereva wa jamii. Lakini wapo wagonjwa wengi wasiohusika na mpango huo, na safari zao za usiku huanzia kwenye kiti cha bodaboda. Katika safari ya namna hiyo, swali la kama tangi lina lita mbili au nusu lita halibaki kuwa la kifundi. Huwa ni swali la kufika au kutofika.

Boya, waya na mshale

Ili kuelewa kwa nini geji ya pikipiki haiaminiki, ni lazima kwanza kuelewa inavyofanya kazi. Katika pikipiki nyingi za injini ya ujazo wa sentimita 100 hadi 150 zinazotumika kwa biashara ya bodaboda, ndani ya tangi kuna boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Mafuta yakipungua boya hushuka, na mkono huo huteleza juu ya kipande chenye waya mwembamba wa ukinzani. Umeme unaopita hapo huongezeka au kupungua kulingana na mahali mkono ulipogusa, na mabadiliko hayo ndiyo yanayousogeza mshale kati ya herufi F, yaani tangi limejaa, na E, yaani limekwisha.

Kwa maneno mengine, geji haipimi lita. Inapima kimo cha mafuta, tena mahali pamoja tu ndani ya tangi. Kama tangi lingekuwa mfano wa ndoo iliyonyooka, kimo na ujazo vingekwenda sambamba, na nusu ya kimo ingekuwa nusu ya mafuta. Lakini tangi la pikipiki limekalia mgongo wa fremu. Sehemu yake ya chini imegawanyika kuwa miguu miwili, mmoja kulia na mwingine kushoto, na katikati ni uwazi unaopitisha fremu hiyo. Juu tangi ni pana, chini ni jembamba.

Matokeo yake ni kwamba kimo kile kile cha mafuta hubeba lita nyingi kikiwa juu na lita chache kikiwa chini. Ndiyo maana madereva wengi hulalamika kwamba mshale "hukaa" karibu na F kwa safari ndefu, kisha ukishavuka nusu huporomoka kama jiwe. Hakuna kilichoharibika hapo. Tangi limeumbwa hivyo, na nusu ya geji si nusu ya mafuta.

Lipo pia eneo ambalo boya halioni kabisa. Likifika mwisho wa mkono wake huko chini, haliwezi kushuka zaidi hata kama bado kuna mafuta chini yake. Vivyo hivyo, likigota juu, haliwezi kupanda zaidi hata mafuta yakiongezwa hadi mdomoni mwa tangi. Watengenezaji wengi hupendelea hali hiyo kwa upande wa chini, kwa kuwa mshale unaosoma E huku bado kuna mafuta kidogo humwokoa dereva, ilhali ule unaosoma robo huku tangi ni tupu humtupa porini.

Hapa ndipo ugomvi wa Zagayu unapopata maelezo yake. Dereva aliyekaukiwa hununua lita moja, si lita kumi. Lita hiyo ikimiminwa, hugawanyika katika miguu miwili ya tangi na inaweza kuishia yote katika lile eneo la chini ambalo boya haliligusi. Mshale haujongei. Dereva huamini ameibiwa, kumbe pengine amepata lita yake kamili. Na siku atakayopunjwa kweli, mshale huo huo hautamwambia.

Mwinuko, stendi na betri iliyokufa

Mbali na umbo la tangi, barabara nayo huidanganya geji. Pikipiki ikipanda mlima, mafuta hukimbilia nyuma. Ikishuka, hukimbilia mbele. Ikiegeshwa kwa stendi ya pembeni, huinamia kushoto, na boya lililo upande mmoja tu wa tangi husoma zaidi au pungufu kulingana na upande liliko. Kwenye makorongo na matuta, mafuta huchezacheza na mshale ukacheza nayo. Kusoma geji wakati pikipiki inatembea kwenye barabara mbovu ni sawa na kupima maji ya ndoo iliyo kichwani mwa mtu anayekimbia.

Umeme una mchango wake pia. Pikipiki nyingi za kabureta huweza kuwaka kwa kiki hata kama betri imekufa, na madereva wengi huendelea na kazi miezi mingi bila kuibadilisha. Injini haina shida na hali hiyo, lakini geji inayotegemea umeme ulio imara inayo. Mshale unaweza kulala kwenye E wakati wote, au ukapanda na kushuka kadiri mafuta yanavyovutwa mkononi. Kutu ndani ya tangi, maji yaliyochanganyika na petroli, waya uliolegea au boya lililotoboka na kunywa mafuta huongeza orodha ya maradhi.

La kutisha zaidi ni spea. Geji au boya likiharibika, fundi huweka linalopatikana, na mara nyingi linalopatikana ni la pikipiki ya aina nyingine. Mkono wa boya ukiwa mrefu au mfupi kuliko ule wa awali, au ukinzani wa waya ukitofautiana na ule unaotarajiwa na geji, mshale utatembea vizuri kabisa, lakini utatoa habari za tangi lisilokuwapo.

Dunia imeshalipa gharama kubwa kwa kosa la namna hiyo. Agosti 6, 2005, ndege aina ya ATR 72 ya shirika la Tuninter la Tunisia, iliyokuwa ikitoka Bari, Italia, kwenda Djerba, iliishiwa mafuta angani na kuangukia baharini karibu na kisiwa cha Sicily. Kati ya watu 39 waliokuwamo, 16 walikufa. Uchunguzi ulibaini kwamba mafundi walikuwa wamefunga kionyesha mafuta cha ndege ndogo zaidi, ATR 42. Kifaa hicho kiliingia mahali pake bila tatizo na kikafanya kazi, lakini kiliwaonyesha marubani mafuta mengi kuliko yaliyokuwamo. Kama kosa hilo lilipita katika karakana ya ndege, ambako kila kifaa kina namba na kila kazi hutiwa saini, si ajabu likapita chini ya mwembe wa fundi wa pikipiki.

Sheria za vyombo vya moto zenyewe hazijaipa geji ya mafuta uzito mkubwa. Kipimo cha mwendo kina Kanuni ya Umoja wa Mataifa Namba 39, inayotaka kisionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule halisi, na ambayo imeweka ukomo wa kuzidisha. Geji ya mafuta haina sharti la namna hiyo juu ya usahihi wake. Imeachwa iwe msaada kwa dereva, si kipimo.

Koki isiyosema uongo

Kabla geji hazijazoeleka katika pikipiki ndogo, waundaji walikuwa na jibu jingine, ambalo bado lipo katika pikipiki nyingi za kabureta: koki ya mafuta yenye sehemu ya akiba, ambayo madereva huiita rizevu. Ndani ya tangi, koki hiyo ina mirija miwili. Mmoja umesimama juu kidogo, na mwingine unachota karibu na sakafu ya tangi. Koki ikiwa katika hali ya kawaida, injini hunywa kupitia mrija mrefu. Mafuta yakishuka chini ya mdomo wa mrija huo, injini hukohoa na kuanza kuzima. Dereva huigeuza koki, na kilichobaki chini huwa ndiyo akiba yake.

Uzuri wa koki ni kwamba haikadirii. Haihitaji umeme, boya wala mshale, na akiba yake ni kiasi kile kile kila mara. Lakini nayo ina adui mmoja, ambaye ni mazoea. Dereva anayesahau kuirudisha koki baada ya kujaza mafuta, au anayeiacha kwenye akiba mwaka mzima, amejinyima onyo pekee lisilodanganya. Injini ikizima safari hiyo, hakuna cha kugeuza tena.

Hata hapo, mafundi wa vijijini wanajua siri moja. Kwa kuwa koki ipo upande mmoja, mguu wa tangi wa upande wa pili huweza kubaki na mafuta kidogo yasiyoweza kuvuka mgongo wa fremu. Ndiyo sababu dereva aliyekwama huonekana akiilaza pikipiki kuelekea upande wenye koki, kisha akaisimamisha na kuondoka. Watazamaji hucheka, lakini kitendo hicho kina hesabu sahihi kuliko geji.

Hesabu ya chupa

Kwa upande wa pili wa ugomvi ipo chupa. Kituo cha mafuta kilichosajiliwa hukaguliwa na Wakala wa Vipimo (WMA), ambao kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, huhakiki pampu kwa vyombo maalumu vya kupimia. Chupa iliyokuwa na maji ya kunywa haihakikiwi na mtu yeyote. Lita ya chupa huishia pale muuzaji alipoamua kuishia: shingoni, begani au chini kidogo ya bega. Ikikaa juani, petroli hutanuka, kwa takriban asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto, na kizibo kikilegea huvukiza. Uuzaji wenyewe ni kinyume cha sheria ya petroli, na hatari ya moto kwa nyumba zinazohifadhi madumu hayo haihitaji maelezo.

Hasara ya dereva inaweza kukadiriwa kwa mfano. Dereva anayetumia lita nne kwa siku, kila lita ikiwa imepungua kwa sehemu moja ya kumi, hukosa lita 0.4. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, hizo ni shilingi 1,200 kwa siku, au 31,200 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Kwa kijana anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine na anayetakiwa kupeleka hesabu kila jioni, fedha hizo ni sehemu ya riziki yake. Lakini upungufu wa sehemu moja ya kumi ya lita, ndani ya tangi la lita 10, ni asilimia moja tu ya tangi. Mshale unaotikiswa na kila korongo hauwezi kuuonyesha.

Uzito wa hesabu hiyo uliongezeka mwaka 2022, wakati vita ya Ukraine ilipopandisha bei duniani. Mei mwaka huo, bei kikomo ya petroli ilivuka shilingi 3,000 hata Dar es Salaam, na Serikali ikatenga ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali kuanzia Juni. Ruzuku hupunguza bei ya lita. Haiwezi kuirefusha lita iliyopunjwa.

Kinachoweza kufanyika

Jibu la kudumu ni kuisogeza pampu iliyohakikiwa karibu na mtumiaji. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020, EWURA imeweka masharti nafuu kwa vituo vidogo vya mafuta vya vijijini, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umeanza kutoa mikopo ya kuvijenga. Hatua hizo zimeelezwa zaidi kama vita dhidi ya moto na madumu. Zinastahili pia kuelezwa kama suala la vipimo, kwa maana pampu ya kijijini ndiyo itakayomaliza ubishi kati ya muuzaji na mshale.

Wakati pampu hiyo ikisubiriwa, dereva anaweza kujitengenezea kipimo chake. Ajaze tangi kwenye pampu iliyohakikiwa, aandike kilomita zilizosomeka, aendeshe hadi injini iombe akiba, kisha ajaze tena na kulinganisha lita na kilomita. Akirudia mara tatu au nne, atajua pikipiki yake hunywa lita moja kwa kilomita ngapi katika barabara zake, na kilomita zitamweleza ukweli ambao mshale hauwezi. Njia nyingine ni kijiti kikavu kilichotiwa alama kwa kumimina lita moja moja iliyopimwa, pikipiki ikiwa imesimama wima kwa stendi ya kati mahali palipo sawa, na kijiti kikichovywa mahali pale pale kila mara. Hata vituo vikubwa hupima matangi yao ya ardhini kwa ufito wa namna hiyo. Kisichofaa kamwe ni kumulika tangi usiku kwa kiberiti.

Wakala wa Vipimo nao hauna sababu ya kuiacha chupa nje ya elimu yake kwa umma kwa kuwa tu biashara hiyo haikubaliki kisheria. Mnunuzi anayejua lita inavyoonekana ndani ya chombo kilichohakikiwa hawezi kupunjwa kirahisi, popote anaponunua.

Jambo hili si geni kwa watu wa Usukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, waliochoshwa na mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia. Kutokana na vuguvugu hilo, lililoongozwa na Paul Bomani, vilizaliwa vyama vya ushirika vilivyounda Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955. Wakulima hao hawakuendelea kubishana na mizani ya mnunuzi. Waliweka yao kando yake.

Dereva wa Zagayu leo yuko mahali pale pale walipokuwa babu zake, ila pamba imekuwa petroli na mizani imekuwa chupa. Mshale ulio mbele yake hautakuwa mwamuzi, kwa sababu haukuundwa kwa kazi hiyo. Hadi pampu iliyohakikiwa itakapofika, mwenye kijiti chenye alama na daftari la kilomita atakuwa na cha kuonyesha pale muuzaji atakapoapa kwamba chupa ilikuwa imejaa.